Kabla Hujabishana .308 au 6.5, Niambie Kiboko wa Hewani Atapigwa na Nini

Wadau, mijadala ya bunduki imejaa kwenye simu za vijana wa Garsen siku hizi. Mtu hajashika hata manati, lakini yuko hapo anabishana na Wamarekani: .308 Winchester ama 6.5 Creedmoor? Sawa, tubishane. Ila tubishane kwa kitu kinachotuhusu.

Kwanza tuelewane. Bunduki ya bolti fupi ni ile iliyoundwa kwa risasi fupi. Ganda la .308 lina milimita 51, la 6.5 Creedmoor ni karibu hapo hapo. Bolti inasafiri kidogo, unapakia ya pili upesi, na bunduki yenyewe ni nyepesi kiasi. .308 ilitoka 1952, Creedmoor 2007. Kwa swala ama ngiri, yoyote kati ya hizo mbili inatosha, bora kichwa cha risasi kiwe kile kinachotanuka kikiingia mwilini, na mpigaji ajue pa kulenga. Ukinilazimisha nichague, nachukua .308 kwa sababu iko kila mahali. Basi, hiyo imeisha.

Sasa turudi nyumbani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikakaza kamba zaidi. Kwa hivyo hapa Hewani hakuna anayechagua risasi. Serikali ndiyo inatuchagulia. Kiboko akitoka mtoni usiku akafagia mpunga na mahindi, ama nyati akijificha kichakani kando ya njia ya kwenda shambani, kazi yetu ni kupiga simu na kungoja gari.

Swali langu ni moja tu: hilo gari limebeba nini?

Askari wa wanyamapori Kenya wamejulikana kwa miaka mingi kwa bunduki aina ya G3. Risasi yake ni 7.62 kwa 51 ya kijeshi, yaani ndugu wa tumbo moja na hiyo .308 mnayobishania. Kwa kupambana na majangili, ni silaha ya kazi. Lakini kichwa chake kina gramu kama 9 na nusu hivi, na kiliundwa kwa ajili ya binadamu. Kiboko dume anapita kilo 1,500 bila shida. Kichwa cha kawaida cha .375 H&H kina gramu 19, cha .458 Winchester kina gramu 32. Hizo ndizo risasi za nyati na kiboko, na hakuna hata moja inayoingia kwenye bolti fupi. Jirani zetu Tanzania, ambako watu wanawinda kwa leseni, nyati haguswi na kitu chini ya .375.

Najua kuna mjuaji ataniletea habari za W.D.M. Bell, yule Mskoti aliyeua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi ndogo ya milimita 7. Ni kweli. Lakini Bell alikuwa anawinda kwa wakati wake, anachagua ndovu wake, anangoja mpaka apate pembe ya kupiga ubongo, tena kwa kichwa kigumu kisichotanuka. Yeye si askari aliyeamshwa saa nane za usiku, anamulika matete kwa tochi huku kijiji kizima kinapiga kelele nyuma yake.

Na tofauti ya risasi haimuumizi aliyefyatua peke yake. Askari atapanda gari arudi kambini. Mnyama aliyejeruhiwa anabaki na sisi. Anabaki na mama anayeteka maji alfajiri, na mtoto anayekatiza shamba kwenda shule. Sheria inasema aliyeuawa na mnyama, familia ilipwe fidia ya shilingi milioni 5. Lakini waulize waliowahi kufuatilia hizo fomu wamengoja muda gani. Na hata zikija kesho, milioni 5 haimuiti mtu kwa jina akaitika.

Sisemi tugawiwe bunduki. Tana River tumeshaona damu ya kutosha, na silaha nyingi mikononi mwa watu hazijawahi kutuletea usingizi. Sisemi uwindaji urudi pia. Nasema hivi: ukinikataza nisijilinde, basi wewe unilinde sawasawa. Kila gari linaloitikia simu za wanyama huku chini Delta liwe na angalau bunduki moja ya .375 kwenda juu, vichwa vigumu, na mtu aliyefundishwa kuitumia. Mnyama akipigwa akatoroka, afuatwe mpaka apatikane, na kabla hawajampata chifu aarifiwe ili watu wajue njia ipi wasipite.

Baraza lijalo, mzee wa kijiji akiuliza nani ana swali, nyoosha mkono. Usiulize "mtatusaidia lini", hilo wamelizoea. Uliza milimita. Uliza gramu. Uliza risasi ngapi ziko ndani ya hilo gari, na za aina gani.

Hayo maneno ya .308 tumeyasoma bure mtandaoni. Tuyatumie basi pale yanapoweza kuokoa mtu wetu.