Gia Boksi Isitufunge Mikono



Mtu wa Morogoro huijua sauti ya gari lipandalo mlima hata akiwa kitandani. Hapa Mazimbu, ukiinua macho asubuhi, waiona Uluguru imesimama, na kilele chake cha Kimhandu chapita mita 2,600. Huko Mgeta watu hulima kabichi, njegere na viazi; Matombo na Kinole hutoa ndizi na viungo. Mazao hayo hayashuki yenyewe. Yashushwa na gari livutalo kwa magurudumu yote manne, na mara nyingi gari hilo ni la zamani, limekwisha kuzika wenyewe wawili au watatu.

Gari kama hilo likifa, si lazima iwe injini iliyokufa. Mara nyingi ni gia boksi. Na gia boksi ikivunjika, mlima wote umefungwa.

Twasema haya kwa kuwa yalitupata sisi wenyewe. Land Rover yetu ya shamba ilivunjika meno ya gia boksi wakati wa mavuno. Tukaambiwa kifaa hakipo, kiagizwe nje, tungoje. Tukangoja. Kabichi haikungoja. Ndipo fundi mmoja wa jirani, mtu asiye na cheti hata kimoja, aliposema: "Ndugu zangu, hapa mjini iko gia boksi ya Toyota ya gia tano, nzima kabisa. Nitaifunga kwenye injini yenu." Wako kati yetu waliocheka. Leo waliocheka ndio waipandao gari hiyo.

Lakini tusidanganyane. Mara ya kwanza ilitushinda, na kosa lilikuwa letu, maana tulimharakisha fundi. Yafaa kila mwenye gari aelewe kazi hii ilivyo, ili asije akalipa mara mbili kama sisi.

Injini ya kampuni moja na gia boksi ya nyingine hazikuumbwa zioane. Matundu ya bolti hayalingani. Basi hapana budi kukereza bamba la chuma la kuziunganisha, upande mmoja una matundu ya injini, upande wa pili matundu ya gia boksi. Mpaka hapo mtu yeyote mwenye drili aweza kujiona fundi. Siri ni kitovu. Shafti iingiayo gia boksi lazima isimame sawasawa na katikati ya kranki, na kosa lisizidi kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Sisi tulipima kwa rula na jicho. Baada ya wiki chache klachi ikaanza kutetemeka, meno ya sahani yakalika, na gia ikawa yaruka yenyewe mteremkoni. Mara ya pili fundi aliazima saa ya kupimia, akaizungusha siku nzima, akatia na pini za kushikilia bamba lisihame. Tangu hapo gari limenyamaza.

Yako na mengine. Ncha ya shafti yahitaji beringi yake ndogo ndani ya mwisho wa kranki. Kama haitoshi, ikerezwe bushi ya kuishika. Sahani ya klachi iwe na upana wa flaiwili ya injini, lakini meno yake ya katikati yawe ya gia boksi mpya. Beringi ya kuachia klachi ifike isipokaza wala isipolegea. Kisha nyuma kuna boksi la pili, mafundi waliitalo transfa, ligawalo nguvu mbele na nyuma. Nalo lataka bamba lake. Gia boksi ikiwa ndefu kuliko ile ya kwanza, transfa husogea nyuma, basi shafti ya nyuma ikatwe na ya mbele irefushwe, na zote mbili zisawazishwe. Difu ya mbele na ya nyuma ziwe na hesabu moja ya meno. Zikitofautiana, gari hupigana lenyewe kwa lenyewe mpaka kitu kivunjike.

Sasa faida yake. Chukua Land Rover ya gia tano ambayo gia yake ya kwanza ni 3.585, transfa upande mzito ni 3.32, na difu ni 3.54. Zidisha: injini yazunguka mara 42 gurudumu lizungukapo mara moja. Weka gia boksi ya Toyota ya aina ya R151F, ambayo gia ya kwanza ni 4.313, na transfa na difu zibaki zile zile. Sasa ni mara 50 na zaidi. Kwa gurudumu lizungukalo kiasi cha mita 2.5, injini ikiwa mizunguko 1,000 kwa dakika, gari lililokuwa likitambaa kilomita 3.6 kwa saa sasa latambaa kilomita 3. Mtu wa mjini ataona ni jambo dogo. Dereva ashukaye na watu na magunia kwenye utelezi wa masika anajua kwamba hapo injini ndiyo inayoshika gari, si breki iliyokwisha kuchemka.

Na kuna jambo moja ambalo twalisema kwa sauti kubwa, maana ni la roho za watu. Katika Land Rover hizi breki ya mkono haiko kwenye magurudumu. Iko nyuma ya transfa, nayo hushika shafti. Wako wenye magari wanaoondoa vyote, injini, gia boksi na transfa, wakaweka seti nzima ya gari jingine. Ni njia nyepesi, maana haihitaji bamba. Lakini transfa ya zamani ikitoka, breki ya mkono imetoka nayo. Asiyetengeneza nyingine ameegesha jeneza mlimani. Jiwe chini ya gurudumu si breki. Gari lililobadilishwa namna hii lisibebe abiria hata mmoja kabla ya kukaguliwa na mtu ajuaye.

Wako watakaosema: "Nunueni gari jipya, acheni viraka." Twawajibu: tupeni fedha. Mkulima wa Nyandira hauzi kabichi kwa bei ya gari jipya. Wengine watasema mambo haya hayako ndani ya uwezo wetu. Hao twawakumbusha Kibaha, ambako shirika la Nyumbu liliundwa mwaka 1985, na Watanzania wakajenga lori kwa mikono yao. Twawakumbusha Nairobi, ambako Chuo Kikuu kilipewa kazi mwaka 1986 na mwaka 1990 motokaa za Nyayo Pioneer zikaonyeshwa kwa watu. Kweli, magari hayo hayakujaa barabarani. Lakini yalitufundisha kwamba akili haikupungua. Kilichopungua ni kuifuata kazi mpaka mwisho wake.

Wala hatusemi tutengeneze kila kitu. Meno ya gia yataka chuma maalumu na moto uliopimwa; beringi na sili tununue. Kujitegemea si ukaidi. Kujitegemea ni kujua kipi tununue na kipi kisitufanye tupige magoti. Bamba la kuunganisha, bushi, shafti iliyokatwa, mahali pa kufungia gia boksi kwenye chesisi, hivyo vyote vyawezekana hapa hapa Morogoro kwa mashine ya kukereza na mtu mwenye subira.

Hapo ndipo tufikapo Mazimbu yetu. Mahali hapa palikuwa shamba la mkonge. Mwaka 1977 Serikali yetu iliwapa ndugu zetu wa ANC ya Afrika Kusini, wakajenga shule yenye jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Wapigania uhuru hao hawakujenga madarasa tu. Walikuwa na shamba na kiwanda cha samani, maana walijua kwamba uhuru hauji kwa kalamu peke yake. Mwaka 1992 walipokwenda kwao, walituachia yote, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Twauliza basi: vijana wasomao fizikia na hesabu kwenye madarasa hayo, na wenzao wa uhandisi wa kilimo katika chuo hicho hicho, wamewahi kulala chini ya gari pamoja na fundi wa mtaani? Kijana anajua kuzidisha 4.313 kwa 3.32, hajui sauti ya beringi inayokufa. Fundi anaijua sauti hiyo akiwa ng'ambo ya barabara, hana saa ya kupimia wala mchoro. Kila mmoja ana nusu ya ujuzi, na ukuta umesimama katikati.

Ukuta huo ubomolewe. Kila bamba lililofaa lichorwe na vipimo viandikwe, ili fundi akifa ujuzi usizikwe naye. Wanafunzi watoke na vyombo vyao waende gereji. Mafundi waitwe chuoni, wakae kiti cha mwalimu, wala si kusimama mlangoni kama wabeba mizigo. Na sisi wenye magari tuache kuwaharakisha na kuwapunja, kisha tukalalamika.

Yule fundi wetu mchoro wake aliuandika kwa chaki sakafuni. Mvua ya kwanza iliufuta. Alipotakiwa kufunga gari la pili, alianza tena tangu mwanzo, kwa rula na kwa jicho. Ndugu wananchi, chaki ile ni hasara yetu sote. Tuanze na daftari.