KAMBA ALIVUTA NANI?



Kila siku twasikia sifa kwamba Mwingereza alitawala bahari kwa tanga. Hebu tuulize: kamba alivuta nani? Alivuta baharia maskini, mara nyingi aliyekamatwa bandarini kwa nguvu akatiwa manowarini. Chakula chake nyama ya chumvi na biskuti zenye fukusi. Ratili yake ilipimwa wakia 14 badala ya 16. Akinung'unika, mjeledi wa mikia tisa. Mshahara wake haukuongezwa tangu miaka ya 1650!

Mapema mwaka 1797 mabaharia walipeleka barua za heshima. Wakubwa wakanyamaza. Aprili 16, huko Spithead, manowari 16 zikakataa kung'oa nanga. Kila meli ilichagua wajumbe wawili, na nidhamu ikashikwa. Bunge likaongeza mshahara, Mfalme akawasamehe.

Wenzao wa Nore wakafuata, lakini meli zao zikaachana moja moja. Kiongozi wao, Richard Parker, akanyongwa Juni 30.

Basi wale wasemao, "Ombeni kwa adabu, ngojeni," jibu lao ni hili: barua bila umoja ni karatasi tu. Nawe ndugu, usiiachie kamba. Ukiiachia, anayenyongwa ni mwenzako.