Maji ya njiani yapimwe, na majibu yabandikwe kwenye chanzo

Kati ya Masisi, Sake na Goma, familia zinazokimbia vita zinatembea siku nzima, mizigo kichwani, watoto mgongoni. Wakifika kwenye kijito au chemchemi wanakunywa, wanajaza bidoni, wanaendelea. Ukiuliza kama maji yale yamepimwa, wakaaji wanakujibu: “Ni meupe, tunayakunywa tangu zamani.”

Mimi nasema weupe si usafi. Kijidudu cha kipindupindu hakionekani kwa macho. Goma inajua: mwaka 1994, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda kwa wiki chache tu. Hata leo kipindupindu hakijatoka Kivu.

Kupima maji si kazi ya miezi. Wapimaji wanachuja mililita 100, wanaweka kichujio ndani ya kisanduku cha joto, na kisha ya siku moja hivi wanahesabu vijidudu vinavyotoka kwenye mavi. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linataka kisionekane hata kimoja.

Lakini majibu yanaenda wapi? Mara nyingi yanaishia ndani ya ripoti. Mama mwenye bidoni haoni ripoti. Anayepita leo, kesho yuko mbali. Hawezi kungojea mkutano.

Kwa hiyo ninaomba kitu kimoja: kila chanzo cha kando ya njia kiwe na ubao. Uandikwe tarehe ya kupima, na rangi: kijani, maji ni mazuri, nyekundu, yatiwe dawa kwanza. Mvua kubwa ikinyesha, wapime upya, kwa sababu inashusha uchafu wa mlimani.

Wengine watasema ubao mwekundu utaacha watu na kiu. Hapana. Penye nyekundu, awekwe mtu wa kutia klorini ndani ya bidoni, kama inavyofanyika kando ya Ziwa Kivu. Kumwambia mkimbizi “chemsha maji” wakati hana sufuria wala kuni, ni kumwambia maneno matupu.

Ndugu zetu mulio njiani, mukitiliwa klorini, mungoje dakika 30 ndipo munywe. Nanyi wakuu wa vijiji na wa maeneo ya afya, mutuletee majibu ya vipimo. Redio iko tayari kuyasoma, chanzo kwa chanzo.