Sindano Isiachwe kwa Ahadi ya Kidonge

Habari ya insulini ya kumeza imefika hadi Sange, nasi tunaisikia katika nyumba zenye wagonjwa wa sukari. Ni habari ya kutia tumaini. Hata hivyo yatupasa kusema wazi: kidonge hicho bado hakijafika katika maduka yetu ya dawa, na vidonge vya sukari vilivyomo humo si insulini.

Insulini ni protini. Ikimezwa peke yake, tumbo huimeng’enya kama limeng’enyavyo maharagwe. Ndiyo sababu hutolewa kwa sindano tangu Januari 1922, mgonjwa wa kwanza alipotibiwa kwayo mjini Toronto, Kanada. Leo wataalamu wanajaribu kuifunga ndani ya chembe ndogo mno za polima ambazo mwili huzivunjavunja wenyewe, kama vile kitosani, itokanayo na magamba ya kaa, au alginati ya mwani. Ganda hilo huikinga dawa dhidi ya asidi ya tumbo, na kitosani husaidia kuipenyeza katika ukuta wa utumbo.

Ugumu uliobaki ni kipimo, maana sehemu kubwa ya insulini imezwayo haifiki damuni. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya kidonge cha kampuni ya Novo Nordisk, kilichoundwa kwa njia nyingine. Kilijaribiwa kwa watu 50 kwa majuma 8, wengine wakimeza, wengine wakichomwa sindano. Sukari ilishuka katika makundi yote mawili. Lakini kidonge kilihitaji insulini nyingi mno, na kampuni ikakiacha. Ikiwa chupa moja ya sindano ni mzigo kwetu, kidonge cha namna hiyo tungekilipia kwa nini?

Mtoto ambaye kongosho lake halitoi tena insulini hawezi kungoja. Akiikosa kwa siku chache, anaweza kufa. Amshauriye mama aache sindano kwa ajili ya kidonge au mizizi anayahatarisha maisha ya mtoto huyo.

Wapo wasemao kwamba pasipo friji insulini haitunziki katika joto la uwanda wa Ruzizi. Huko Dadaab, Kenya, nyumba za wakimbizi hupata joto la nyuzi 25 hadi 37. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walilichunguza jambo hili, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba insulini hudumisha nguvu yake kwa majuma manne katika joto la kiasi hicho.

Basi kila jumuiya izitambue nyumba zake zenye mgonjwa. Tuombe akiba ya chupa itunzwe katika friji ya kituo cha afya, na chupa inayotumika ikae nyumbani, mahali pa baridi penye kivuli, kwa maelekezo ya muuguzi. Tena tuchangie nauli ya kuifuata dawa inapokosekana hapa. Kidonge kikifika siku moja, kiwakute watoto hawa wakiwa hai.