Dawa ya Ngozi si Mafuta ya Urembo

Mwezi uliopita nalikwenda Chakol, baina ya Busia na Malaba, kumzuru mpwa wangu. Ni kijana wa Mombasa, dereva wa malori, aliyechoshwa na foleni za mpakani akaona bora aweke nyumba huko huko. Nalimkuta mwanawe wa miaka minne ana choa kilichotapakaa shavu zima.

"Kilikuwa kidogo kama shilingi, mjomba," akasema mkewe. "Nikakipaka, siku tatu kikapotea. Sasa kimerudi hivi."

Nikamwuliza alimpaka dawa gani. Akacheka: "Si dawa, mjomba. Ni mafuta yangu ya uso tu."

Tyubu ilinunuliwa sokoni, na maandishi yake ni ya Kifaransa. Nyumbani mle palikuwa na wasomao Kiswahili na Kiingereza, na mimi na Kiarabu changu cha chuoni, wala hapakuwa na mmoja wa kuifahamu. Lakini jina moja la herufi ndogo nalilitambua: klobetasoli.

Hiyo ni katika jamii ya dawa ziitwazo kotikosteroidi. Ya kwanza kufaa kupakwa ngozini ilikuwa haidrokotisoni, mwaka 1952, nayo ilikuwa neema kwa wenye mwasho. Klobetasoli hukadiriwa kuwa na nguvu mara 600 kuliko hiyo. Daktari huitoa kwa wiki mbili, isizidi gramu 50 kwa wiki, na usoni huiepuka. Bibi huyu amejipaka usoni asubuhi na jioni tangu harusi yake, mwaka wa sita huu!

Dawa hii huunyamazisha mwili. Mwasho hutulia, wekundu huondoka, na weusi hupungua. Lakini choa ni kuvu, na kuvu hustawi askari wa mwili wakilazwa. Ngozi nayo hukonda, mishipa ikaonekana, zikaja chunusi na michirizi isiyofutika; ikipakwa karibu na macho, yaweza kuleta presha ya macho. Na aliyeizoea akiiacha ghafla, uso humwaka moto, naye hudhani ndiyo iliyomfaa, akairudia.

Pande hizo hizo ndiko iliko Alupe, mashuhuri kwa hospitali yake ya ukoma. Ukoma mara nyingi huanza na baka lililopauka, lisilohisi mguso. Baka kama hilo ni la kuonyeshwa tabibu upesi, si la kupakwa kitu cha sokoni.

Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni tangu 1998. Mpakani zimo njia za panya, na tyubu haina uzito.

Wako watakaosema basi dawa hizi zichomwe zote. Siafiki. Mtoto mwenye pumu ya ngozi, asiyelala usiku kwa kujikuna, akipewa iliyo hafifu kwa kipimo cha daktari hupata usingizi, na mamake pia. Hapa kwetu namjua mama aliyeitupa ya mwanawe kwa hofu ya maneno ya majirani, mtoto akajikuna hadi akatoka usaha. Huyo naye alikosea.

Na sisi watunzi tumo. Mama zetu walisugua liwa, wakaiosha, ngozi ikabaki na rangi yake. Lakini tungo zetu za harusi zimejaa weupe wa bibi harusi, hata aliye mweusi kama mpingo. Utungo wa harusi ya mpwa wangu niliutunga mimi.

Mtoto amepewa dawa ya kuvu, na mamake ameelekezwa na daktari namna ya kuiacha tyubu kidogo kidogo. Nilipokuwa naaga akaniuliza, kwa adabu, kama siku ile nilikuwa nimemwona uso kabla ya kumsifu. Sikuwa nimemwona. Nimemwahidi utungo mwingine, nami nimeshauanza.