Fizikia Yahitaji Lugha ya Kubishana

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Hawakutuambia, hata hivyo, mtu aulize kwa lugha gani. Jambo hilo lilinirudia akilini muhula mzima nilipokuwa nikihudhuria, kwa hisani ya mhadhiri mwenzangu, somo la fizikia la mwaka wa kwanza katika chuo kimoja mjini Lodwar. Mimi ni mwanaisimu. Sikuenda kutafuta shahada nyingine, bali kusikiliza maneno. Somo lenyewe lilikuwa na sehemu mbili: mekaniki, yaani elimu ya mwendo na kani, na elimu ya joto.

Siku moja mhadhiri alifundisha maana ya kazi. Alieleza, kwa Kiingereza kama ilivyo ada, kwamba kazi hufanyika pale tu kani inaposogeza kitu kuelekea upande inakosukuma au kuvuta. Kwa hiyo mtu aliyejitwika mzigo kichwani, akitembea mahali tambarare kwa mwendo usiobadilika, haufanyii mzigo huo kazi yoyote. Wanafunzi wakaandika. Hakuna aliyeinua mkono.

Tulipotoka nje, msichana mmoja alinisogelea akaniambia kwa Kiswahili: "Mwalimu, mimi nimekua nikiteka maji mto Turkwel. Mtungi wa lita 20, kila siku. Leo naambiwa sikufanya kazi?" Nikamuuliza mbona hakuyasema hayo darasani. Akainama, akajibu: "Kwa Kiingereza ningeonekana mjinga."

Naam, msomaji, swali lile halikuwa la kijinga hata kidogo. Lita 20 za maji ni kilo 20, na uzito wake ni newtoni 196 hivi. Kuzipandisha kutoka chini hadi kichwani, kimo cha mita moja na nusu, ni kazi ya jouli 294. Hiyo ameifanya na fizikia inaikubali. Akishaanza kutembea kwenye tambarare, kichwa kinausukuma mtungi kuelekea juu, ilhali mtungi unakwenda mbele. Ndiyo sababu hesabu inatoa sifuri. Lakini misuli yake inakaza na kulegea bila kukoma, na nishati ya chakula alichokula inageuka kuwa joto. Jasho lake ni la kweli, na fizikia inalo mahali pa kuliandika: katika sehemu ya pili ya somo lile lile. Laiti swali hilo lingeulizwa darasani, lingeunganisha sehemu zote mbili kwa dakika tano.

Yapo maneno mengine ya namna hiyo. Katika mazungumzo ya kawaida Kiswahili hutumia "nguvu" kwa mambo mengi: nguvu za mwili, nguvu za jua, nguvu za umeme. Mwanafizikia hutaka kutenganisha kani, nishati na kasi ya kufanya kazi. Kiingereza nacho kina mitego yake, kwani maneno yake ya fizikia yameazimwa kutoka jikoni na sokoni. Kijana wa London pia hujikwaa juu ya neno "kazi" la lugha yake. Tofauti ni kwamba yeye akijikwaa hupiga kelele, hubisha, akaelezwa. Kijana wetu hujikwaa kimya kimya, akakariri kanuni, akaifaulu au kuifeli bila kuiamini.

Nilisafiri pia hadi Kakuma, kilomita zipatazo 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992. Huko nilikuta vijana wakijisomea kivulini: Mkongo aliyesoma sayansi kwa Kifaransa, Wasudani Kusini wawili na Mturkana. Walikuwa wakizozana kuhusu tofauti ya joto na halijoto. Yule Mkongo alishika kikombe cha chai akauliza kwa Kiswahili: kati ya chai hii na pipa lile la maji lililoanikwa juani, kipi kina joto zaidi la kutoa? Wote walitaja chai. Wakaketi kupiga hesabu. Robo lita ya chai ikipoa kutoka digrii 90 hadi 30 hutoa jouli 63,000 hivi. Lita 200 za maji yenye digrii 40 zikipoa hadi 30 hutoa jouli 8,400,000. Chai ina halijoto ya juu. Pipa lina zaidi ya mara mia moja ya joto la kutoa. Mturkana alicheka, kisha akasema kwamba sasa ameelewa kwa nini gunia lililoloweshwa hupoza mtungi wa maji: gramu moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua joto la jouli 2,400 hivi. Mfano huo hakuupata kitabuni, aliutoa kwao.

Afrika Mashariki inapaswa kulijua hili kuliko wengine. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, mwanafunzi Erasto Mpemba aliona kwamba mchanganyiko wa aiskrimu uliotiwa friza ungali moto uliganda kabla ya uliopozwa kwanza. Alipouliza, alichekwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa mjini Iringa, alimuuliza mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Dar es Salaam. Osborne hakumcheka, alikwenda kulijaribu. Mwaka 1969 walichapisha matokeo yao pamoja, na hadi leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba na wanasayansi wangali wanabishana juu yake. Je, ni akina Mpemba wangapi walionyamaza?

Wako watakaosema kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya vitabu na mitihani. Sikatai, wala siombi kiondolewe. Lakini Newton mwenyewe, aliyeandika kanuni zake za mwendo kwa Kilatini mwaka 1687, alipochapisha kitabu chake cha nuru mwaka 1704 aliandika Kiingereza, lugha ya nyumbani kwao. Hakuna aliyesema sayansi imeshuka hadhi.

Ninachopendekeza ni kidogo. Mtihani ubaki ulivyo. Lakini katika kila kipindi zitengwe dakika kumi za kubishana kwa lugha ambayo darasa linaimudu: Kiswahili, na panapofaa, Ng'aturkana. Istilahi zipo. Kani, nishati, tungamo na halijoto si ndoto. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kilichosalia ni walimu wa lugha na wa fizikia kuketi meza moja.

Hili si suala la mapenzi ya lugha. Mafuta yaliyogunduliwa Lokichar mwaka 2012 yana nta nyingi. Yakipoa huganda, na ndiyo maana yalipoanza kusafirishwa kwa malori hadi Mombasa mwaka 2018 ilibidi yahifadhiwe yakiwa na joto. Atakayeyasimamia mafuta hayo ni mhandisi, na mhandisi hupitia mlango wa fizikia ya mwaka wa kwanza. Mturkana akikwama mlangoni kwa kukosa neno la kuulizia, mwingine ataingia, naye atabaki kuwa mlinzi wa lango.

Yule msichana wa Turkwel hatimaye alimwendea mhadhiri wake, akauliza kwa Kiswahili. Mhadhiri alinyamaza kidogo, kisha akalirudia swali mbele ya darasa zima. Siku hiyo mikono saba iliinuka. Niliihesabu.