Anayekagua ndege, yeye anakaguliwa na nani?

Kijana msomaji, huenda hujawahi kupanda ndege. Unaziona zikishuka Kipawa huku umening'inia mlangoni mwa daladala la Gongo la Mboto, basi. Waweza kusema haya ni mambo ya vigogo na watalii. La hasha! Yanakuhusu.

Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliliweka Shirika la Ndege la Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake. Wengi walidhani ni kero ya shirika moja. Juni 2025 Ulaya wakarudi, safari hii wakafungia mashirika yote yenye cheti cha Tanzania, kuanzia majeti makubwa hadi vindege vya kupeleka watalii Serengeti. Soma vizuri sababu yao. Hawakusema kila rubani wetu ni mbovu. Walisema msimamizi ndiye mwenye kasoro: wataalamu wenye sifa hawatoshi, na ukaguzi wake hauna makali.

Msimamizi huyo ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kwa Mkataba wa Chicago wa 1944, kila nchi inabeba dhamana ya ndege ilizozisajili. Maana yake, cheti cha Dar es Salaam kinaaminika ughaibuni kwa sababu tu yupo mkaguzi aliyefungua daftari la matengenezo, akawahoji mafundi, akawapima marubani, na akakataa kusaini alipoona pengo. Mkaguzi wa namna hiyo ni rubani au injinia aliyekomaa, na mashirika ya ndege yanamgombea kwa mshahara mnono. Serikali isipomlipa ataondoka, na kiti chake atakikalia mgonga mihuri.

Kisha tazama kofia alizovaa msimamizi huyu. TCAA inatoa leseni na kukagua. Hiyohiyo inaongoza ndege kutoka minarani. Ina na chuo. Mnara wako ukiwa na kasoro, utajifungia mwenyewe? Refa anapiga filimbi, halafu anaomba pasi! Afrika Kusini walitenga kazi ya kuongoza ndege tangu 1993. Kenya nao wamechanganya, ni kweli, lakini hawakuwamo katika orodha ya Juni 2025, wala Uganda, wala Rwanda. Kwa hiyo ile hadithi ya wazungu kumwonea Mwafrika tuwaachie walevi wa kilabuni.

Haki yao tuwape. Desemba 2008 TCAA iliinyang'anya Air Tanzania cheti cha kuruka, ingawa ni mali ya Serikali. Meno yalikuwapo. Lakini tangu 2016 Serikali imemwaga mabilioni kununua ndege mpya, na zimepokelewa kwa ngoma na hotuba, wakubwa wamejipanga mstari. Mkaguzi wa mshahara wa kawaida ana ubavu gani wa kuizuia ndege iliyopokelewa na Rais?

Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilitumbukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba. Walikuwamo watu 43, wakafa 19. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao, vijana kama wewe, wakati kiwanja kiko ukingoni mwa ziwa na kila mtu anajua hivyo. Ziwa lilelile liliwameza mamia wa MV Bukoba mwaka 1996! Na uchunguzi wa ajali ukafanywa na kitengo kilichokuwa ndani ya wizara ileile yenye dhamana ya usafiri wa anga. Taratibu za kimataifa zinataka mchunguzi awe huru. Kwetu, mtuhumiwa na mpelelezi walikuwa na waziri mmoja.

Utasema ndege zetu hazikuwa na safari za ratiba kwenda Ulaya, hasara iko wapi? Iko kwa dereva wa watalii Arusha. Iko kwa mpishi wa Nungwi, na kwa fundi aliyemaliza chuo akisaka karakana ya kumwajiri. Mtalii anayeambiwa kwamba kindege atakachopanda kimo katika orodha nyeusi anaweza kubadili safari, akaenda Masai Mara. Wewe wa bodaboda ukikutwa huna leseni unalala selo siku hiyohiyo. Msimamizi wa anga la nchi nzima kakutwa na kasoro, nani kalala selo?

Tunamtaka Waziri wa Uchukuzi alete bungeni idadi ya wakaguzi wenye sifa walioko kazini na mishahara wanayolipwa, ataje kasoro zipi kati ya zile za Ulaya zimezibwa, na aseme ni lini mchunguzi wa ajali atatolewa chini ya kwapa la wizara. Kikao kimoja cha Bunge kinatosha.